Mzigo wa Mgonjwa Fukara katika Kaunti za Texas

Sisi tuliozoea kuchangia mgonjwa asiye na kitu, yafaa tujue jinsi watu wa Texas, huko Marekani, walivyolipima jambo hilo. Katiba yao ya mwaka 1876 iliziruhusu kaunti kujenga nyumba na mashamba ya maskini. Mwaka 1985 Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwatibu mafukara, nayo ikazilazimisha hata kaunti zisizo na hospitali ya umma.

Kipimo chake ni kikali. Anayestahili kwa lazima ni yule ambaye pato lake halizidi sehemu 21 katika 100 za kiwango cha ufukara cha Serikali Kuu; kaunti yenye moyo yaweza kufika 50. Kwa hiyo mwenye kibarua cha kijungujiko aweza kukataliwa.

Msimamizi wa kaunti ndiye asimamaye baina ya mgonjwa na hazina. Wasimamizi hao wana chama chao, Texas Indigent Health Care Association, cha kufundishana na kushauriana. Naona faida yake kubwa ni fukara wa kaunti hii na wa kaunti ile kusomewa sheria kwa namna moja. Kukipandisha kipimo chenyewe, hilo si la chama. Ni la Bunge na la kaunti.