Asilimia 98 Isiyotosha: Vitambuzi vya Mwilini, Akili Mnemba na Upungufu wa Damu Kasulu na Kibondo

Katika mijadala ya afya ya kidijitali hudaiwa kwamba wilaya zenye uhaba wa madaktari ndizo zitakazonufaika zaidi na akili mnemba: mgonjwa avalishwe kitambuzi, takwimu ziingie kwenye programu, mhudumu aambiwe la kufanya. Kwamba wahudumu hawatoshi Kasulu na Kibondo, wilaya za mkoa wa Kigoma, habishi mtu. Ninachopinga ni dhana kwamba zahanati hizo zimepungukiwa akili. Zimepungukiwa vipimo.

Ushahidi unaopendwa ni jaribio la ePOCT+, programu ya kumwongoza mhudumu katika matibabu ya watoto, katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro. Vituo vilivyotumia programu hiyo viliwaandikia antibayotiki asilimia 23.2 ya watoto wagonjwa. Vituo vya kawaida, asilimia 70.1, na tofauti hiyo haikuwaletea watoto madhara. Ni matokeo mazito. Lakini ePOCT+ ni mti wa maamuzi ulioandikwa na wataalamu, hatua kwa hatua, na ilifika vituoni pamoja na kipima oksijeni, kipimo cha CRP (protini ya damu inayoashiria uvimbe), kipimo cha wingi wa damu na ufuatiliaji wa wahudumu. Anayeitumia kuipigia debe akili mnemba amebeba ushahidi wa jambo jingine.

Kipimo cha wingi wa damu ndicho hoja yangu. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017 uliikuta Kigoma ikiongoza nchini: takriban asilimia 24 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na vimelea. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, zenye himoglobini inayobeba oksijeni. Kipima oksijeni, kiwe cha kubana kidoleni au cha kuvaliwa mkononi, hutumia mwanga kukadiria ni sehemu gani ya himoglobini iliyopo imebeba oksijeni. Himoglobini yenyewe ni kiasi gani, hakisemi. Mtoto mwenye himoglobini gramu 4 kwa desilita, viganja vyeupe, anahema kwa shida, kifaa chaweza kumwonyesha asilimia 98, ilhali damu yake imebeba theluthi tu ya oksijeni ya mwenzake mwenye gramu 12. Mama yake ameshaviona viganja. Mashine imeridhika.

Kuna pia suala la ngozi. Sjoding na wenzake walionyesha mwaka 2020, nchini Marekani, kwamba vifaa hivi vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Waliubaini upendeleo huo kwa kulinganisha makundi mawili. Kasulu kundi la pili halipo, kwa hiyo kosa lingekaa ndani ya takwimu zote bila kujitokeza.

Nitajibiwa kwamba modeli itajifunza kusahihisha. Itajifunzia wapi, wakati jibu sahihi hutoka kwenye gesi za damu ya ateri, kipimo ambacho zahanati haina? Huenda modeli iliyopewa wingi wa damu ikafanya vizuri. Hapo sifa itakuwa ya tone la damu lililotolewa kidoleni, na wilaya ingeweza kuanza na hilo hata kabla ya kununua programu.