Difu ya Mbele, Difu ya Nyuma: Habari za Magari ya Jabe

Mtu akikuuliza gari lako ni la mwaka gani, kwa Jabe jibu si rahisi. Injini inaweza kuwa na umri wake, bodi umri mwingine, na difu mbili za chini zikawa zimezaliwa katika nchi zisizojuana. Karatasi ya gari itasema mwaka mmoja tu. Chuma kinasema zaidi, ila lazima ujue kukisoma.

Jabe iko Bwiza, na ukivuka kidogo tu umeingia Buyenzi. Wasomaji wetu walio Gasorwe, Musasa au Kavumu ambao hawajawahi kufika huku, wafikirie mitaa ya gereji, vibanda vya piyesi, watu wanachomelea chuma barabarani, na Kiswahili kila kona. Kiswahili hicho hakikuletwa na sisi wakimbizi wa juzi. Wakati mji huu ukiitwa bado Usumbura, Wabelgiji walitenga makazi ya Waafrika, na Buyenzi ikawa ya wale walioitwa Waswahili: wafanyabiashara, mafundi, watoto wa askari waliofuatana na Wajerumani. Bwiza wazee wanaikumbuka bado kwa jina la Belge. Ndiyo maana mpaka leo fundi wa Buyenzi atakuambia "kadani" na "bwati" kwa Kifaransa chake, halafu neno linalofuata ni "difu" au "spea" kama yuko Kigoma. Mie nitachanganya vilevile, mnisamehe walimu.

Gari la kuvuta magurudumu manne lilikuja kwetu kwa njia hizo hizo za Kiswahili. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka Kigoma mizigo ikapanda meli za Tanganyika mpaka bandari ya hapa. Land Rover ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Toyota nao wakatoa jeep yao mwaka 1951, na jina la Land Cruiser likaja 1954. Mfululizo wa 40, ule wenye uso wa taa mbili za duara, ulianza 1960 ukaendelea hadi 1984, mwaka ambao mfululizo wa 70 ulizaliwa. Huo wa 70 ndio mnaouona kambini kila siku, mweupe, na antena ndefu mbele.

Sasa kwa nini difu zikachanganyika? Watu wengi watakuambia ni ubovu wa mafundi. Mimi sikubali. Tuangalie mwaka 1996. Tarehe 25 Julai Buyoya alichukua madaraka kwa mapinduzi, na tarehe 31 mwezi huohuo nchi za jirani zilikutana Arusha zikaamua kuiwekea Burundi vikwazo. Mipaka ikafungwa kwa biashara, njia ya Kigoma ikakatwa. Baadaye walilegeza kwa ajili ya chakula, dawa na mahitaji mengine ya kibinadamu, lakini vikwazo vyenyewe havikusimamishwa mpaka tarehe 23 Januari 1999. Hiyo ni miaka miwili na nusu. Gari haliwezi kungojea miaka miwili na nusu. Difu ikivunjika, fundi anatafuta difu nyingine iliyo karibu, kwenye gari lililokufa, na kama boliti zinaingia, basi zimeingia. Kulaumu fundi aliyefanya hivyo katika vita na njaa ni kukaa kwenye kiti kizuri na kuhukumu.

Na boliti zinaingia kweli, hapo ndipo mtego ulipo. Ndani ya difu kuna gia mbili zinazoshikana meno: krauni, ile kubwa ya duara, na pinyoni, ile ndogo inayopokea nguvu kutoka kwenye kadani. Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 40 kuna zilizotoka na krauni ya meno 37 na pinyoni ya meno 9. Gawa, unapata 4.11. Nyingine zilitoka na krauni ya meno 37 na pinyoni ya meno 10, yaani 3.70. Jino moja tu la tofauti! Kwa nje nyumba ya difu ni ileile, rangi ni ileile, mafuta ni yaleyale. Hakuna kitu kinachokataa mkononi mwa fundi.

Basi weka 4.11 nyuma na 3.70 mbele. Mjini hutasikia chochote, kwa sababu mjini unaendesha kwa magurudumu ya nyuma peke yake na ya mbele yanafuata tu kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Unaweza kwenda hivyo miaka kumi, ukaliuza, aliyenunua akaliuza tena. Siku utakayovuta ile gia fupi ili magurudumu yote manne yashike, kadani mbili zinafungwa pamoja na lazima zizunguke sawasawa. Kadani zikizunguka mara 370, magurudumu ya mbele yanataka kuzunguka mara 100, na ya nyuma mara 90. Barabara ni moja. Lazima upande mmoja uteleze. Kwenye tope zito utateleza na gari litaenda, ingawa linapigana lenyewe. Kwenye mlima mkavu wa mawe, au lami, hakuna pa kuteleza, basi nguvu yote inajikunja ndani ya vyuma mpaka kinachoshindwa kivunjike: meno ya transfa, msalaba wa kadani, au nusu-shafti. Na gia hiyo mtu haivuti akiwa amestarehe. Anaivuta kwenye mlima, mvua imenyesha, na nyuma kuna mgonjwa.

Kwa Land Rover ni mbaya zaidi. Zile za zamani zilikuwa na 4.7, halafu Range Rover na zile One Ten za kuanzia 1983 zikaja na 3.54. Difu ya Range Rover inaingia kwenye Land Rover nyingi za zamani, na watu walipenda kuiweka ili gari likimbie zaidi. Ukiweka zote mbili, hakuna neno. Ukiweka moja tu, tofauti inakaribia theluthi.

Kwenye kundi letu la vijana hapa Jabe, wakimbizi kutoka Kivu na Warundi waliorudi kutoka Tanzania, tumejifunza kutambua jambo hili bila kufungua kitu. Naeleza pole pole, maana kuna wasomaji wenye kusimamia magari ya mashirika na pengine itawafaa.

Kwanza macho. Angalia kibati cha utambulisho kwenye chumba cha injini, Toyota wana mstari wenye kodi ya gia boksi na kodi ya ekseli. Hiyo ni habari ya gari lilivyotoka kiwandani, si lilivyo leo, lakini unapata pa kuanzia. Kisha hesabu nati za magurudumu. Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ile nzito ilikuwa na nati sita mpaka mabadiliko ya 1999, ndipo ikaja na nati tano, na mbele springi za kukunja badala ya zile za mabamba. Kwa hiyo ukikuta sita mbele na tano nyuma, acha kuuliza, ekseli moja ni mgeni. Sikiliza pia mita ya mwendo: ikiwa difu ya nyuma imebadilishwa kutoka 4.11 kuwa 3.70, mita itakuambia 90 wakati kweli unaenda 100.

Halafu mikono. Simamisha gari pahali sawa, weka gia huru, na transfa iwe kwenye magurudumu mawili. Ziba magurudumu yanayobaki chini kwa mawe, mbele na nyuma ya kila moja, ndipo uachie breki ya mkono. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, uweke kigogo kizuri chini ya ekseli; jeki peke yake usiiamini hata kama ni mpya. Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye kadani. Mmoja azungushe gurudumu taratibu mara 20 kamili, mwingine akae pembeni (sio chini ya gari!) ahesabu kadani. Kwa sababu gurudumu la upande wa pili limesimama, mizunguko 20 ya hili ni mizunguko 10 ya krauni. Kadani ikizunguka mara 41 na kidogo, una 4.11. Ikizunguka mara 37, una 3.70. Rudia mbele, ukiwa umefunga loki za magurudumu ya mbele, la sivyo utazungusha tairi mpaka jioni na kadani italala. Na kama la nyuma linagoma kuzunguka kabisa, pengine difu hiyo ni ya kujifunga na njia hii haitaifaa.

Kuna watu wa 4.10 na 4.11 pia, yaani meno 41 kwa 10, na 37 kwa 9. Hiyo kwa chaki hutaiona, na sioni sababu ya kukosa usingizi. Tofauti yake ni ndogo kuliko ya tairi jipya na tairi lililokwisha.

Lipo pia kosa la pili, la siri zaidi. Krauni na pinyoni husagwa pamoja kiwandani, na mara nyingi hupigwa namba moja ili zisitengane. Fundi akichukua krauni ya gari hili na pinyoni ya gari lile, hata meno yakilingana hesabu, difu italia. Italia kama nyuki ukikanyaga mafuta, na sauti itabadilika ukiachia. Muzee mmoja wa Buyenzi, aliyefanya kazi hii tangu kabla ya vikwazo, aliwaambia vijana wetu: "Wanangu, hizi mbili ni mke na mume. Kama mume amekufa, usimtafutie mke mwingine wa dukani, zika wote." Mmoja wa wasichana wetu akamjibu, "Muzee, na kama pesa ni ya kuzika mmoja tu?" Tulicheka sana. Lakini alikuwa ameuliza swali lenyewe la Jabe.

Maana mwaka jana familia kadhaa walichanga pesa wakanunua pikapu ya mfululizo wa 40 ya kubebea mizigo ya soko na, ikibidi, wagonjwa na wazazi wa milimani. Aliyeuza alisema ni gari kamili, magurudumu yote yanavuta. Kabla ya mvua walituletea tuiangalie. Vijana walihesabu nyuma, 41. Wakahesabu mbele, 37. Wakarudia mara tatu, kwa sababu hakuna aliyetaka iwe kweli. Muuzaji alipoambiwa akasema yeye alilinunua hivyohivyo, na mimi ninaamini kwamba hata yeye hakudanganya. Gari lilikuwa limepita mikono mingi mno.

Kupata difu ya 4.11 ya mbele ilikuwa bei isiyowezekana. Kuna waliosema waache tu, kwenye tope litateleza. Kina mama wawili waliochanga pesa nyingi walikataa: bora kujua gari lina miguu miwili kuliko kudhani lina minne. Walisema hivyo bila hesabu yoyote ya meno, na ndio waliokuwa na haki. Tukafungua kadani ya mbele, tukaifunga nafasi yake vizuri, na kwenye dashibodi tukaandika kwa rangi nyeupe, kwa Kiswahili na Kirundi: gari hili linavuta nyuma tu. Milima mingine halipandi. Dereva anajua ni ipi, na wagonjwa wa huko hushushwa kwa machela mpaka barabarani, jambo ambalo ni zito na linachukua saa.

Kadani yenyewe iko kwenye kibanda chetu, imepakwa grisi na kuviringishwa nailoni. Tumeifunga kikaratasi kilichoandikwa 37, ili atakayeifungua, awe nani, asilazimike kuhesabu upya.