Nyumba ya Reli: Makongeni na Swali la Nani Hufidiwa

Jina la Makongeni, mtaa wa Nairobi, linatokana na mkonge, ila mtaa wenyewe ni zao la reli. Njia ya garimoshi ilipofika Nairobi tarehe 30 Mei 1899, nyanda za hapo zilikuwa malisho ya Wamaasai, na dola ya kikoloni ilikuwa tayari na chombo cha kuzichukulia, yaani Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya India ya 1894, iliyovushwa bahari ikatumika Afrika Mashariki ili kupata ardhi ya reli. Utwaaji wa lazima ni uwezo wa serikali kuchukua mali ya mtu kwa ajili ya shughuli za umma, mwenyewe apende asipende, na kumlipa fidia. Fidia hiyo, hata hivyo, humwendea yule ambaye sheria inamtambua kuwa na haki katika ardhi, na mfugaji ambaye ng'ombe wake walikunywa maji ya mahali Wamaasai walipopaita Enkare Nairobi hakuhesabiwa kuwa na haki hiyo.

Sheria za Ardhi ya Mfalme za 1902 na 1915 zilikamilisha kazi hiyo kwa kuifanya sehemu kubwa ya nchi kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, ambaye aliikodisha kwa hati zenye masharti. Sharti la hati ni kifungu kinachomfunga mwenye kiwanja, na mara nyingi hata atakayekinunua kwake, juu ya matumizi yake: nyumba iwe moja, duka lisifunguliwe, au, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo, watu wa rangi fulani wasiishi humo. Waraka wa Devonshire wa 1923, tamko la serikali ya Uingereza kuhusu Kenya, uliacha sera ya kutenga makazi ya mijini kwa misingi ya rangi, lakini hati za viwanja ziliendelea kufanya kazi hiyo kimyakimya. Katika kesi ya Kaderbhai kuhusu mnada wa viwanja vya Mombasa, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za 1931, Baraza la Faragha la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, liliamua kwamba Kamishna wa ardhi alikuwa na haki ya kuwaruhusu Wazungu pekee kununua, na kuwazuia Waasia na Waafrika kuishi katika viwanja hivyo isipokuwa wakiwa watumishi wa nyumbani. Ubaguzi ambao serikali iliona haya kuutangaza kama sera ulipata hifadhi katika mkataba.

Mwafrika wa Nairobi hakupewa hata hati ya kuwekewa masharti. Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, aliweza kujijengea nyumba, lakini kuta zilikuwa zake na ardhi ilikuwa ya manispaa. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wa waliohamishwa walipelekwa mtaa wa Shauri Moyo. Makongeni ilikuwa ya namna nyingine tena, kwa kuwa ilikuwa makazi ya wafanyakazi wa reli, na sharti lake kuu halikuhitaji mwanasheria kulifafanua: nyumba ilifuata kazi. Aliyeachishwa au kustaafu alirudisha ufunguo, na familia iliyokuwa imelea watoto katika nyumba hiyo haikuwa na dai lolote ila huruma ya mwajiri.

Mwajiri huyo alibadilika jina zaidi ya mara moja. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki la 1948 lilirithiwa na shirika la reli la Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, likaundwa Shirika la Reli la Kenya. Kisha mwaka 2006, uendeshaji wa treni ulipokodishwa kwa kampuni binafsi, mitaa ya reli kama Muthurwa na Makongeni iliwekwa chini ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa shirika hilo. Hapo pana kinaya kisichopaswa kupitwa haraka: mfuko ulipaswa kuigeuza ardhi kuwa fedha za wastaafu, na miongoni mwa wapangaji waliotakiwa kupisha mageuzi hayo walikuwamo wastaafu wenyewe na jamaa zao.

Wakazi wa Muthurwa walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2010 kupinga kuondolewa, na katika uamuzi wa 2013, unaojulikana kama kesi ya Satrose Ayuma, Jaji Lenaola aliona kuwa namna walivyotakiwa kuondoka ilikiuka haki zao, ikiwamo ya makazi iliyo katika Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, ingawa hawakuwa wenye ardhi. Kifungu cha 40 cha Katiba hiyo kinadai fidia ya haki, kamili na ya haraka kwa mali inayotwaliwa, na kinaruhusu kuwalipa pia waliokalia ardhi kwa nia njema bila hati. Neno la kuangaliwa ni "kinaruhusu", kwani kwa mwenye hati fidia ni lazima, na kwa mpangaji inabaki kuwa jambo linalowezekana. Serikali ilipotaka kujenga nyumba za bei nafuu Makongeni mwaka 2025, wakazi walipewa shilingi 150,000 kwa kila nyumba. Zilikuwa fedha za kuwasaidia kuhama, si thamani ya kitu walichonyang'anywa, maana katika daftari la ardhi hapakuwa na kitu chao.