Makangaga ya misituni: jinsi ya kuyatambua katika milima ya Kyela na Rungwe

KUTOKA Matema kwenda Ikombe kwa mtumbwi, Milima ya Livingstone huonekana ikiinuka ghafla kutoka majini. Ziwa Nyasa liko takriban mita 474 juu ya usawa wa bahari, ilhali milima hiyo hupita mita 2,000. Katika mabonde yake, na katika msitu wa Mlima Rungwe ulio kaskazini, mvua na ukungu hulea makangaga ya aina nyingi.

Kundi linaloitwa kitaalamu Dryopteris lilipewa jina hilo na Mfaransa Michel Adanson mwaka 1763. Kwa Kigiriki maana yake ni kangaga la mwaloni, jina la Ulaya kwa mmea ambao huku hauna mwaloni wa kuufunika. Kabla yake, Linnaeus alikuwa ameyaingiza baadhi ya makangaga hayo katika jenasi Polypodium, iliyobeba karibu kila kangaga lenye madoa ya mviringo. Leo uainishaji hutegemea pia vinasaba, na spishi zinazotambuliwa duniani hukaribia 400, nyingi zikiwa za Asia.

Kangaga la kundi hili lina shina fupi, nene, lenye magamba ya kahawia. Majani huchomoza kwa pamoja mithili ya taji, nayo machanga huwa yamejikunja kama gamba la konokono. Halitoi maua wala mbegu. Huzaliana kwa spora, ambazo hukaa katika vifuko vidogo mgongoni mwa jani. Kila kishada cha vifuko hufunikwa na utando wenye umbo la figo, na hiyo ndiyo alama kuu. Kwa jirani yake Polystichum utando ni wa duara kama mwavuli. Kwa Asplenium ni mrefu kama mstari.

Dryopteris kilemensis, yenye jina la Kilema mkoani Kilimanjaro, hupenda kivuli cha misitu ya milimani. Dryopteris athamantica, kinyume chake, humea hata kwenye nyasi.

Mimea ya nyanda hizi ilikusanywa kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20 na Adolf Stolz, mmisionari wa Moravian aliyekaa Kyimbila, Rungwe. Jenasi ya okidi, Stolzia, ina jina lake.

Utambuzi huu una uzito kwa wafugaji. Msitu ukichomwa, mara nyingi mahali pake huchukuliwa na kangaga jingine, Pteridium aquilinum, ambalo shina lake hutambaa mbali chini ya ardhi na kunusurika moto. Ng'ombe alilaye kwa muda mrefu huweza kukojoa damu, na sumu yake hupita hadi kwenye maziwa. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka mmea huo miongoni mwa vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu.

Majani yake hutoka moja moja, si kwa taji. Shina lina vinyweleo badala ya magamba. Na spora hupangika ukingoni, chini ya pindo la jani. Mkata majani ya ng'ombe akikuta mstari huo wa kahawia ukingoni, aliache.