Askari Mstaafu na Kiwanja cha Michezo: Kutoka Beni hadi Mpira wa Mikono

Haneti ni kijiji kilichoko kaskazini ya mji wa Dodoma, katika nchi kavu iliyo kati ya reli na Kondoa. Watu wa mbali hulijua jina lake kwa sababu ya vito vya rangi ya majani mabichi vichimbwavyo katika kilima chake. Wenyeji hulijua kwa mifugo, uwele na mtama. Si mahali ambapo mwanahistoria angekwenda kwanza kutafuta habari za michezo. Hata hivyo, michezo ya askari ina historia ndefu, na historia hiyo haiwezi kueleweka kwa kutazama makambi peke yake. Yapasa zitazamwe pia nchi kama hii, zilizotoa watu kwenda vitani na kuwapokea waliporudi. Swali lenyewe ni hili: askari akisha kuvua sare, nani humwita tena kiwanjani, naye huitwa kwa ajili gani?

Mpira wa mikono wafaa kuwa mfano wa kuanzia, kwa kuwa ni mchezo uliokua pamoja na vita. Wadenmarki walikuwa na mchezo wa namna hiyo tangu mwanzo wa karne ya ishirini, na Holger Nielsen alichapisha kanuni zake mwaka 1906. Lakini mchezo ulioenea ulimwenguni ulipata sura yake mjini Berlin, ambako Max Heiser aliandika kanuni tarehe 29 Oktoba 1917 kwa ajili ya wanawake, wakati wanaume wengi walipokuwa katika mahandaki ya vita. Mwaka 1919, vita vikiwa vimekwisha, Carl Schelenz alizigeuza kanuni hizo ili mchezo uwe na mbio zaidi na nguvu zaidi, uwafae na wanaume waliorudi. Hivyo mchezo uliobuniwa wanaume wakiwa hawapo ulikamilishwa waliporejea.

Miaka hiyohiyo ilikuwa na sura nyingine katika uwanda wa kati wa Tanganyika. Katika mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yalishuka kutoka Kondoa Irangi kuelekea reli ya kati, na tarehe 29 ya mwezi huo yakaingia Dodoma. Nchi ya Haneti iko katikati ya miji hiyo miwili. Pande zote mbili za vita zilihitaji nafaka, ng'ombe na mabega ya watu wa kuchukua mizigo, na zote zilivitwaa katika nchi ambayo hata wakati wa amani haina akiba kubwa. Mvua zilipokosekana baadaye, ikaja njaa ambayo Wagogo waliita Mtunya, iliyodumu tangu mwaka 1917 hadi 1920. Inakisiwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika Ugogo maneno hayo yalikuwa habari ya kila nyumba.

Mtu aliyerudi kutoka vitani, awe askari au mpagazi, alirudi basi katika nchi ya namna hiyo. Huko Ulaya washindi walikuwa wamekwisha kuwafikiria watu wao. Kuanzia tarehe 22 Juni hadi tarehe 6 Julai 1919, karibu na Paris, yalifanyika mashindano makubwa ya askari wa mataifa yaliyoshirikiana katika vita. Watu walishindana kwa mbio, ndondi, mieleka na kuogelea. Hata kurusha bomu la mkono kulihesabiwa kuwa mchezo. Wapagazi wa Afrika ya Mashariki, ambao jasho lao lilichukua vita vizima mabegani, hawakuwa na timu huko. Hapana aliyewakataza, kwa maana hapana aliyewakumbuka.

Lakini kutokumbukwa si sawa na kukaa kimya. Watu hao walikwisha kuwa na mashindano yao, na jina lake lilikuwa beni. Ngoma hiyo ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ikaigiza bendi na gwaride la wanajeshi. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliichukua hadi bara, kwa miguu ya askari na wapagazi. Vyama viwili, Marini na Arinoti, vilipata wafuasi katika mji baada ya mji. Kila chama kilikuwa na vyeo vyake, kuanzia kingi na jenerali hadi askari wa kawaida. Kila kimoja kilitaka kumshinda mwenziwe kwa mavazi, kwa nyimbo, kwa ukarimu wa karamu, na kwa unadhifu wa safu. Wakubwa wa serikali waliitazama beni kwa wasiwasi, wengine wakidhani ni mzaha, wengine wakiogopa kwamba ni chama cha siri.

Ikichunguzwa vizuri, beni ilikuwa pia mashindano ya askari wastaafu, pengine ya kwanza kuenea katika nchi hii. Ilikuwa na timu, wapinzani, sheria, watazamaji na washindi. Zaidi ya hayo, ilifanya jambo ambalo jeshi halikulifanya. Mpagazi aliyeitwa kwa namba vitani aliweza kuitwa jenerali katika ngoma. Mtu aliyefundishwa kutii alipata mahali pa kuamrisha. Kwa hiyo gwaride lililokuwa mali ya serikali likawa mali ya wale waliolitumikia. Wala si kweli kwamba walikuwa wakiiga tu, kwani mwenye kuiga hufuata aliyemtangulia, hali wao walikuwa wamevitwaa vyeo ambavyo hapana ambaye angewapa.

Vita vya pili vilichukua watu wengi zaidi. Watu wapatao 87,000 wa Tanganyika waliandikwa jeshini, na baadhi yao walipigana mbali hadi Burma. Waliporudi walikuta serikali ikiwa na mipango mikubwa, na mmojawapo ulikuwa katika uwanda huohuo wa kati. Mwaka 1947 ulianza mradi wa karanga huko Kongwa. Waingereza wengi waliokuwa askari waliomba kazi katika mradi huo, na matrekta yakaitwa kupigana na vichaka kana kwamba ni adui. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30. Ardhi ngumu na mvua chache, mambo ambayo kila mkulima wa Ugogo aliyajua, vililishinda jeshi hilo la amani.

Wakati huo michezo ya askari ilikuwa ikipangwa upya ulimwenguni, nayo ilikwenda kwa njia mbili. Mwezi wa Februari 1948, katika mji wa Nice, nchi tano za Ulaya ziliunda Baraza la Kimataifa la Michezo ya Kijeshi, na mpira wa mikono ukapata nafasi katika mashindano yake. Hiyo ilikuwa njia ya askari walio kazini. Tarehe 29 Julai mwaka huohuo, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliwakusanya watu 16 walioumia jeshini, wanaume kwa wanawake, wakashindana kupiga mishale wakiwa katika viti vya magurudumu. Hiyo ilikuwa njia ya wale ambao jeshi limekwisha kuwaaga. Ya kwanza huuliza mwili wa askari waweza kufanya nini kwa ajili ya jeshi. Ya pili huuliza jeshi na taifa vyaweza kufanya nini kwa ajili ya mwili huo baada ya kazi.

Tanzania ilijenga njia ya kwanza kwa bidii. Baada ya maasi ya askari wa Tanganyika Rifles mwezi wa Januari 1964, jeshi la zamani lilivunjwa, na Jeshi la Wananchi likaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huo, likitegemea vijana, wengi wao kutoka Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Mpira wa mikono ulipoingia nchini haukupata mashabiki wa mitaani kama kandanda. Makao yake yalikuwa mashule na makambi. Hata leo timu zake zenye nguvu aghalabu ni za majeshi, nao umo katika michezo inayosimamiwa na Baraza la Michezo la Majeshi, BAMMATA, ambapo wanajeshi, polisi na magereza hupambana.

Lakini askari wa kawaida hustaafu angali na nguvu, na siku anapokabidhi vifaa vya jeshi hukabidhi pia jezi. Yasimuliwa kwamba mwaka 1964, serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wazee waliobaki wa Lettow-Vorbeck, wengi wao walifika Mwanza bila hati yoyote. Mlipaji alimpa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki, na hapana hata mmoja aliyekosea. Hata kama simulizi hiyo imetiwa chumvi, funzo lake ni zito. Taifa lililowatumia lilikaa karibu nusu karne, kisha likawataka wathibitishe kwa viungo vyao kwamba waliwahi kuwa askari. Miili yao ilikuwa imehifadhi kumbukumbu kuliko makaratasi ya wakubwa.

Tanzania nayo ina wazee wake wa vita, hasa vile vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa, na mkuki na ngao huwekwa penye mnara. Heshima hiyo ni ya haki, ila ni heshima ya waliokufa. Aliye hai ahitaji kitu kingine: ahitaji wenzake, saa maalumu ya kukutana, na mtu wa kumpinga kwa upendo.

Mpira wa mikono wafaa kwa kazi hiyo. Kiwanja chake ni meta 40 kwa 20 tu. Wachezaji ni saba kila upande. Mwenye mpira hatembei zaidi ya hatua tatu bila kuudunda, wala haushiki zaidi ya sekunde tatu. Vipindi vyaweza kufupishwa kwa ajili ya umri. Baada ya mavuno, ardhi ya Ugogo iliyokauka huwa ngumu kama saruji. Si rafiki wa aangukaye, bali mpira huduka juu yake vizuri. Kwa hiyo gharama si kizuizi. Kizuizi ni kwamba mashindano yaliyoamrishwa kutoka juu hufa amri inapokwisha, na yale yanayoanzishwa chini bila msaada huchoka mapema.

Ikiwa siku moja wastaafu wa Haneti na wa Itiso watapanga safu zao mbele ya wajukuu, basi hawatakuwa wameanza jambo jipya. Watakuwa wameichukua kazi pale ilipoachwa na wapagazi wale ambao, kwa kuwa hapana aliyewaita, waliitana wenyewe, wakapeana vyeo.