Chokaa ya Bwawani: Niliyojifunza Mimi Mpwani Kule Kisii

Sisi tuliozaliwa pwani hatuijui taabu ya maji yenye asidi. Bahari yetu ina pH ya karibu 8.1, na ualkali wake ni takriban miligramu 115 kwa lita, kwa hesabu ya kalisi kaboneti. Matumbawe na chaza hujengea nyumba zao humo. Nilipohamia Kisii nikachimba bwawa la perege upande wa Nyamira, ndipo nilipojua kwamba maji si mamoja.

Mvua nyingi za huku huosha kalisi na magnesi kwenye udongo, ukabaki na asidi. Ndiyo maana chai hustawi Nyamira. Lakini kinachoifaa chai humdhoofisha samaki.

Kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya. pH ni hali ya maji saa ile unapopima: 7 ni katikati, chini yake ni asidi. Ualkali ni akiba ya maji ya kuhimili asidi. Ukipenda, pH ni mashua na ualkali ni nanga. Mchana vimelea vya kijani majini hutumia kaboni dioksidi, pH ikapanda. Usiku viumbe wote hupumua, ikashuka. Nanga ikiwa nyepesi, mashua huyumba sana. Kwa hivyo pima mara mbili, alfajiri na alasiri. Perege hutaka pH ya 6.5 hadi 9, na ualkali usiopungua miligramu 20 kwa lita. Ukizidi 50 ni bora.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa. Kipimo cha kuanzia ni gramu 100 hadi 200 kwa kila mita mraba. Bwawa la mita mraba 300, kama mengi yaliyochimbwa kwa mpango wa serikali wa mwaka 2009, litahitaji kilo 30 hadi 60. Udongo wenye asidi kali hutaka zaidi, kwa hivyo upimwe kwanza. Nyunyiza bwawa likiwa kavu, mpaka kwenye kingo, kisha jaza maji na usubiri wiki mbili kabla ya kutia vifaranga. Usitie mbolea siku hiyo hiyo, maana kalisi huishika fosforasi.

Sasa kosa langu. Nilichukua chokaa ya kujengea, ndugu ya ile wazee wetu waliyochoma kwa matumbawe, nikaimwaga bwawani samaki wakiwamo. Chokaa hiyo yaweza kupandisha pH kupita 11, na pH ikipanda, amonia iliyomo majini huzidi kuwa sumu. Kulipokucha perege walikuwa wakielea matumbo juu. Mzee jirani alitazama, akaniambia: "Mwanangu, chokaa ya nyumba iachie nyumba."

Wala usidhani jiwe la Tabaka, lile la vinyago vinavyouzwa Mombasa, litakusaidia. Hilo si jiwe la chokaa. Haliongezi ualkali wa maana.

Mwenye bwawa huku asibahatishe kama mimi. KMFRI, ambayo makao yake makuu yako Mombasa, ina kituo cha ufugaji wa samaki Kegati, Kisii. Nenda ukaulize kabla ya kufungua mfuko wa chokaa.