Kinu cha Upepo cha Askov na Mwanzo wa Umeme wa Mseto Vijijini

Mseto kwa asili ni chakula cha nafaka na choroko zilizopikwa pamoja. Siku hizi neno hilo hutumika pia kwa mitambo ichanganyayo upepo, jua, maji na mafuta ili kuvipatia umeme vijiji vilivyo mbali na nyaya kuu. Wengi hudhani kuwa jambo lenyewe ni geni. Historia yaonyesha kuwa limepita umri wa miaka mia moja, na ya kuwa chimbuko lake si mji mkubwa bali ni kijiji.

Kijiji hicho ni Askov, katika Jutland, nchini Denmark. Hapo alifundisha Poul la Cour (1846–1908), mtaalamu wa fizikia, katika shule ya watu iliyowaelimisha vijana wa mashambani. Mwaka 1891, kwa msaada wa fedha za Serikali, alijenga kinu cha upepo cha kuendesha dinamo. Shabaha yake ilikuwa ya kijamii kama ilivyokuwa ya kisayansi: hakupenda umeme uwe neema ya watu wa mijini peke yao, na mkulima abaki nyuma.

Tatizo halikuwa upepo, lilikuwa shwari. La Cour alitumia umeme kuyatenga maji yawe haidrojeni na oksijeni, akaiweka akiba haidrojeni hiyo, na kuanzia 1895 hadi 1902 taa za shule ziliwaka kwayo. Njia hii haikukosa hatari. Oksijeni kidogo ilipopenya katika haidrojeni, hewa hiyo ililipuka, na madirisha ya shule yakabidi kutiwa vioo vipya zaidi ya mara moja.

Katika mitambo ya vijiji iliyofuata, akiba iliwekwa katika betri, na kando yake ikawekwa injini ya mafuta ya kusaidia siku za shwari. Huo ndio mseto wenyewe: kila kimoja kilifidia upungufu wa mwenziwe. Mwaka 1903 kiliundwa chama cha kueneza umeme wa upepo mashambani, na mwaka 1904 yakaanza Askov mafunzo ya mafundi wa umeme wa vijijini. Kufikia 1918, takriban vituo 120 vya umeme nchini humo vilikuwa na vinu vya upepo, vikitoa kiasi cha asilimia 3 ya umeme wote uliotumika.

Baadaye mafuta rahisi na nyaya kutoka vituo vikubwa vilivishinda vinu hivyo. Hata hivyo elimu haikuzimika pamoja navyo. Johannes Juul, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa la Cour, ndiye aliyebuni kinu cha Gedser cha kilowati 200, kilichojengwa mwaka 1957 na kufanya kazi hadi 1967. Umbo lake, lenye mapanga matatu, likawa kielelezo cha vinu vya Denmark vilivyofuata.

Basi urithi mkubwa wa Askov haukuwa mashine. Vinu vilichakaa, na haidrojeni iliachwa. Waliobaki ni mafundi. Kijiji kinachopelekewa mtambo wa mseto pasipo kufundishwa watu wa kuutunza kimepewa nusu ya kile alichokikusudia la Cour, nayo ni ile nusu ipatwayo na kutu.